Rufaa Inaandikwa Karatu, Inasomwa Arusha

Mtu aliyetiwa hatiani na Mahakama ya Wilaya ya Karatu, au ile ya Ngorongoro kule Loliondo, akikata rufaa, shauri lake hupelekwa Mahakama Kuu, Arusha. Wengi wetu hudhani kwamba huko kesi inaanza upya: mashahidi wataitwa tena, aliyesema uongo atabanwa kwa maswali, na ukweli utajitokeza. Sivyo ilivyo. Mbele ya jaji wa rufaa hakuna shahidi anayepanda kizimbani. Yupo wakili wa serikali, yupo mrufani, mara nyingi akiwa amevaa sare za gereza na hana wakili, na lipo jalada lenye hati ya mashtaka, mwenendo wa shauri kama ulivyoandikwa na hakimu, vielelezo na hukumu. Jaji anasoma. Sheria inachukulia kwamba kilichoandikwa katika kumbukumbu za mahakama ndicho kilichotokea, na mtu akitaka kuzipinga atahitaji sababu nzito sana. Neno ambalo halikuandikwa, hata kama watu wote waliokuwamo ukumbini walilisikia, halimfikii jaji. Kwa hiyo ninaposikia watu wakijibu malalamiko ya mfungwa kwa kusema "si akate rufaa", naona jibu hilo limekamilika nusu tu. Rufaa itakuwa ya haki kadiri kumbukumbu ya mahakama ya kwanza ilivyo ya haki, na kwa wilaya hizi mbili swali kubwa ni nani anashiriki kuiandika kumbukumbu hiyo, kwa lugha gani, na akisaidiwa na nani.

Haki yenyewe ya kukata rufaa haina ubishi. Imo katika Katiba, ibara ya 13(6)(a), sambamba na haki ya kusikilizwa kikamilifu, na inafuatiwa papo hapo na kanuni kwamba mshtakiwa asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike kuwa ametenda kosa. Tangu 1979 Tanzania ina Mahakama ya Rufani yake, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani kuvunjika. Majaji wa ukanda huu walikwisha kusema tangu 1957, katika shauri la Pandya, kwamba mahakama ya rufaa ya kwanza ina wajibu wa kuupima ushahidi wote upya na kufikia uamuzi wake yenyewe, bila kugonga muhuri tu uamuzi wa hakimu. Hapo ndipo mrufani ana nafasi pana kuliko zote. Akishindwa Mahakama Kuu na kupanda Mahakama ya Rufani, mlango unakuwa mwembamba: mahakama mbili zikikubaliana juu ya jambo lililotokea, ya tatu haiingilii isipokuwa ikionekana kwamba ushahidi ulieleweka vibaya. Msimamo huo umesimama tangu shauri la Jaffari Mfaume Kawawa la 1981. Kosa ambalo halikuonekana mapema, basi, linazidi kuwa gumu kuonekana kila ngazi inayopandwa.

Tuchukue utambuzi wa mtuhumiwa, maana hapo ndipo watu wasio na hatia wamepotelea kwa wingi duniani kote. Uingereza haikuwa na mahakama ya rufaa za jinai mpaka 1907, na moja ya sababu za kuundwa kwake ilikuwa masaibu ya Adolf Beck, aliyefungwa 1896 na kutiwa hatiani tena 1904 kwa sababu wanawake zaidi ya kumi walimnyooshea kidole kwa uhakika kuwa ndiye aliyewatapeli. Hakuwa yeye. Marekani, vipimo vya vinasaba vilipoanza kuwatoa watu gerezani, ilionekana kwamba zaidi ya nusu ya waliotolewa kwa njia hiyo walikuwa wamefungwa kwa sababu shahidi wa macho alikosea. Mahakama ya Rufani ya Tanzania haikuhitaji kufundishwa hayo na vinasaba. Mwaka 1980, katika shauri la Waziri Amani, ilisema kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni wa aina dhaifu mno, na kwamba mahakama isiutegemee mpaka iridhike kuwa uwezekano wote wa kufananisha watu umeondolewa. Ikataka shahidi aeleze alimwona mtu huyo kwa muda gani, kwa umbali upi, mchana au usiku, kwa mwanga wa namna gani, na kama alikuwa akimfahamu kabla. Maamuzi ya baadaye yakaongeza kwamba hata mtu unayemjua unaweza kumkosea, na kwamba shahidi aliyemtaja mtuhumiwa mapema, kwa mtu wa kwanza aliyekutana naye, anaaminika kuliko aliyemtaja baada ya siku kadhaa.

Sasa pelekeni kanuni hizo kwenye boma lililovamiwa usiku, ambako mwanga ni moto wa kuni au tochi. Shahidi anasema mahakamani: "Nilimtambua kwa mwanga wa tochi." Hakimu anaandika. Sentensi hiyo ikibaki hivyo, imeficha kila kitu. Tochi ilikuwa mkononi mwa nani? Kama ilikuwa mkononi mwa mvamizi na ikimmulika shahidi usoni, shahidi aliona mng'ao tu, na aliyekuwa nyuma ya mng'ao huo angeweza kuwa mtu yeyote. Kama ilikuwa mkononi mwa shahidi mwenyewe, aliielekeza usoni au miguuni? Ilikuwa na nguvu kiasi gani? Wakili mzoefu angeuliza maswali hayo kwa dakika tano. Mshtakiwa asiye na wakili, akiambiwa na hakimu kwamba sasa ni zamu yake kumhoji shahidi, mara nyingi husema "mimi sikuwepo", jambo ambalo si swali, au hunyamaza. Na kosa lenyewe likiwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungo cha chini kabisa ni miaka 30. Jaji wa Arusha atakapofungua jalada, ataikuta sentensi moja. Akiwa makini atamwachia mrufani kwa sababu mwanga haukuelezwa. Asipokuwa makini, miaka 30 itasimama juu ya tochi ambayo hakuna aliyeuliza iliyoshikwa na nani.

Jambo la pili ni lugha, na hapa Karatu na Ngorongoro zina mzigo wao wa pekee. Wilaya hizi ni nyumbani kwa Wairaqw, Wadatoga, Wamaasai, Wasonjo, na kandokando ya Ziwa Eyasi, Wahadzabe. Wapo wazee na wafugaji ambao Kiswahili chao kinatosha kuuza mbuzi mnadani lakini hakitoshi kujibu hati ya mashtaka. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai inaagiza kwamba ushahidi utafsiriwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Kwa miaka mingi kulikuwa na tafsiri juu ya tafsiri: shahidi anasema Kimaasai, mkalimani anasema Kiswahili, hakimu anaandika Kiingereza. Mabadiliko ya sheria ya 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama yameondoa daraja moja, na ninayapongeza kwa moyo wote, kwa sababu sasa mtu anaweza kusomewa kilichoandikwa na kusema "hapana, sikusema hivyo". Lakini daraja la kwanza, la kutoka Kimaasai au Kihadza kwenda Kiswahili, bado lipo, na ubora wake unategemea aliyepatikana siku hiyo kutafsiri.

Hatari kubwa ya daraja hilo iko kwenye kujibu shtaka. Mshtakiwa akikiri kosa, sheria inamnyima rufaa dhidi ya kutiwa hatiani. Atabakiwa na kulalamikia adhabu tu. Kwa sababu hiyo Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la Adan la 1973, iliweka utaratibu ambao bado unafuatwa: shtaka na vipengele vyake vyote vielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kisha maelezo ya kosa yasomwe na aulizwe kama anayakubali. Mwaka 1983, katika shauri la Laurent Mpinga, ilielezwa pia ni lini aliyekiri anaweza kusikilizwa kwenye rufaa, kwa mfano pale kukiri kwake kulipokuwa na utata au kulitokana na kutoelewa. Fikirini mfugaji anayeshtakiwa kwa kuingiza ng'ombe ndani ya hifadhi. Anaulizwa, anajibu: "Ni kweli, ng'ombe walikuwa pale." Amekiri nini? Amekiri kwamba ng'ombe walikuwepo. Hajakiri kwamba alijua pale ni hifadhi, wala kwamba pale ni ndani ya mpaka. Katika Ngorongoro, ambako mipaka ya maeneo ya hifadhi imehama hata katika miaka ya karibuni, lilipotangazwa Pori la Akiba Pololeti mwaka 2022, tofauti hiyo ndiyo kesi nzima. Hakimu akiandika maneno yake yote, jaji ataona utata na mlango wa rufaa utabaki wazi. Akiandika "ni kweli" peke yake, mlango umefungwa, na aliyeufunga ni kalamu.

Kwa kesi za nyara za serikali, kumbukumbu ina kazi nyingine: inabeba vielelezo ambavyo havipo tena. Nyama ya porini inaoza, kwa hiyo polisi hupeleka maombi kwa hakimu ili iteketezwe, na kinachobaki ni hati ya orodha ya mali. Adhabu katika makosa haya inaweza kufika kifungo cha miaka 20 na zaidi, na mara nyingi hati hiyo ndiyo uthibitisho pekee kwamba kulikuwa na nyama, na kwamba ilikuwa ya mnyama gani. Katika rufaa ya Mohamed Juma Mpakama, namba 385 ya 2017, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba mtuhumiwa ana haki ya kuwepo mbele ya hakimu na kusikilizwa kabla ya kielelezo kuteketezwa, na ikakumbusha kwamba miongozo ya polisi yenyewe inataka picha zipigwe inapowezekana. Huo ni uamuzi ninaouheshimu sana. Mtu hawezi kujitetea kuhusu mzoga uliochomwa akiwa amefungiwa mahabusu, halafu akaonyeshwa karatasi.

Baada ya hukumu, saa inaanza kwenda. Kutoka mahakama ya wilaya kwenda Mahakama Kuu, taarifa ya kusudio la kukata rufaa inatakiwa itolewe ndani ya siku 10, na hati ya rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya, ni siku 30. Sheria ina huruma yake: siku za kusubiri nakala ya mwenendo wa shauri na hukumu hazihesabiwi, aliyeko gerezani anaweza kuwasilisha rufaa kupitia mkuu wa gereza, na aliyechelewa kwa sababu ya msingi anaweza kuomba aongezewe muda. Kwenye karatasi yote yamefikiriwa. Shida ni kwamba mfungwa anaandika sababu za rufaa kwa kumbukumbu ya kichwa na msaada wa wafungwa wenzake, huku familia yake ikiwa Loliondo au Mang'ola, safari ya kutwa kutoka mjini, bila kujua kwamba kazi yao kubwa ni kufuatilia nakala ya mwenendo. Wanauza ng'ombe kumtafuta "mtu wa kutusaidia", wakati hati waliyotakiwa kuidai iko masjala ya mahakama.

Ushahidi kwamba mapungufu haya si ya kufikirika uko kwenye barabara ileile wanayopita watu wa Karatu wakiingia mjini. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu imekuwa na makao yake Arusha, kwenye Barabara ya Dodoma, na miongoni mwa mashauri yake ya mwanzo yaliyofika mwisho ni ya wafungwa wa Tanzania. Novemba 20, 2015 ilitoa hukumu katika shauri la Alex Thomas, aliyekuwa akitumikia miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha baada ya kutiwa hatiani mkoani Kilimanjaro. Ilikuta kwamba hakupewa nafasi ya kujitetea ipasavyo wakati akiwa mgonjwa, kwamba hakupewa wakili, na kwamba rufaa yake ilicheleweshwa. Kwa kuwa alikwisha kukaa ndani takriban miaka 20, ilisema dawa ya kosa hilo isiwe kuanza kesi upya. Juni 2016, katika shauri la Mohamed Abubakari, ilikuta tena kwamba mtu alifungwa miaka 30 bila wakili, kwa kutegemea shahidi mmoja ambaye maelezo yake yalipingana, na dai lake kwamba alikuwa mahali pengine halikuchunguzwa kwa uzito. Mashauri yote mawili yalikuwa yamepita ngazi zote za rufaa nchini. Majaji walisoma, wakasoma tena, na pengo likabaki, kwa sababu pengo lilikuwa limeandikwa tangu mwanzo.

Serikali ilijiondoa mwezi Novemba 2019 katika tamko lililomruhusu mwananchi kwenda moja kwa moja katika mahakama hiyo, na kujiondoa huko kukaanza kufanya kazi Novemba 22, 2020. Wapo wanaosema ni sawa, kwamba nchi huru isihojiwe na mahakama ya nje baada ya Mahakama ya Rufani kusema neno la mwisho. Hoja ya uhuru wa nchi ninaielewa. Lakini Tanzania ndiyo mwenyeji wa mahakama hiyo, iliridhia kwa hiari mkataba ulioiunda, na mahakama yenyewe haikujifanya ya kusikiliza rufaa. Ilipima tu kama utaratibu ulikuwa wa haki. Kilichofungwa ni dirisha ambalo lilikuwa likituonyesha makosa yetu wenyewe.

Wengine watasema mfumo hujisahihisha wenyewe, na watatoa mfano wa Loliondo. Juni 2022, baada ya askari polisi kuuawa wakati wa uwekaji wa alama za mpaka, watu zaidi ya 20, wakiwamo madiwani na viongozi wa vijiji, walishtakiwa Arusha kwa mauaji. Shirika la Amnesty International lilieleza kwamba baadhi yao walikuwa wamekwisha kukamatwa siku moja kabla ya kifo hicho. Novemba mwaka huohuo Mkurugenzi wa Mashtaka aliondoa mashtaka, wakaachiwa. Ni kweli hawakuhukumiwa. Ila kosa la mauaji halina dhamana, kwa hiyo walikaa mahabusu takriban miezi mitano, na kwa kuwa hakukuwa na hukumu, hapakuwa na cha kukatia rufaa wala karatasi ya mahakama inayosema hawana hatia. Familia ya askari aliyeuawa nayo haikupata jibu katika kesi ile. Kwangu mimi hilo halihesabiki kuwa kujisahihisha.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote linatoka kwa wananchi walioumizwa. Wanasema rufaa huwatoa wahalifu kwa "vitu vya kisheria tu": sahihi iliyokosekana, ridhaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka iliyoandikwa vibaya, hati ambayo haikusomwa mahakamani. Uchungu wao ni wa haki, na Katiba yenyewe, ibara ya 107A, inazitaka mahakama zisifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Lakini tazameni masharti yanayoangusha kesi mara nyingi. Mwanga ulikuwaje? Kielelezo kilipita mikononi mwa nani? Mshtakiwa alielewa alichokubali? Haya ndiyo maswali ambayo mtu yeyote mwenye akili timamu angeuliza kabla ya kuamini kwamba fulani ndiye aliyeiba. Na pale kasoro ikiwa ya utaratibu tu, mahakama zina dawa yake tangu shauri la Fatehali Manji la 1966: kuamuru kesi isikilizwe upya, mradi upande wa mashtaka usipewe nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake. Kumbukumbu mbovu inamfunga asiye na hatia, na kumbukumbu hiyohiyo inamwachia mwizi halisi baadaye. Aliyeibiwa ng'ombe ana sababu kubwa kama ya mshtakiwa ya kutaka hakimu aandike vizuri.

Kuhusu gharama, hatua zimeshaanza. Ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, Arusha ina Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki tangu 2021, na tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman iliwasilisha mapendekezo yake juu ya haki jinai mwaka 2023. Ninachoomba kiongezwe ni wakili kwa kila mshtakiwa anayekabiliwa na kifungo cha miaka 30, kama ilivyo tayari kwa anayeshtakiwa kwa mauaji. Wakalimani waliofunzwa na kulipwa na mahakama kwa Kimaasai, Kiiraqw, Kidatoga na Kihadza. Kurekodi sauti katika mahakama za wilaya, ili ubishi wa nani alisema nini umalizwe kwa kusikiliza. Na njia ya kurudisha mahakamani shauri lililokwisha pale ushahidi mpya unapopatikana. Kanuni za Mahakama ya Rufani za 2009 haziutaji ushahidi mpya kati ya sababu za kuomba mapitio, wakati majirani zetu Kenya waliuweka ndani ya Katiba yao ya 2010, ibara ya 50(6). Miaka 30 ya kumlisha na kumlinda mfungwa ambaye hakutenda kosa ni ghali kuliko wakili wa wiki moja.

Na kwako msomaji, ndugu yako akihukumiwa Karatu au Loliondo, hakikisha taarifa ya kukata rufaa imetolewa ndani ya siku 10, kwa maandishi, na ubaki na nakala yenye muhuri. Omba mwenendo wa shauri na hukumu siku hiyohiyo. Na kama kesi bado inaendelea na mshtakiwa haelewi kinachosemwa, asimame amwambie hakimu, na aombe neno lake hilo liandikwe.